Linux Ilivyoingia Nyumbani

Kung'oa mfumo endeshi uliokuja na kompyuta na kuweka wa huria mahali pake ni kazi ambayo leo huchukua nusu saa na flashi moja. Katika miaka ya 1990 ilikula wikiendi nzima, na mara nyingine ikala na mafaili yote ya mwenye kompyuta. Safari ya kutoka huko hadi hapa haikuwa ya kampuni moja wala ya nchi moja. Ilianzia maabara za vyuo vikuu vya Marekani, ikapita Helsinki, ikabebwa na vikundi vya wapenzi wa kompyuta waliokutana siku za mapumziko, ikapewa jina la Kibantu na mtu wa Afrika Kusini, na karibu wakati huohuo ikafika Dar es Salaam, ambako programu zake zilifundishwa Kiswahili.

Mfumo endeshi ndio programu inayozisimamia nyingine zote. Kompyuta ikiwashwa, huo huamka mapema, ukashika diski, skrini na kibodi, kisha ukazipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Mnunuzi wa kompyuta ya nyumbani katika miaka ya 1980 kwa kawaida hakuulizwa anataka upi. IBM ilianza kuuza kompyuta yake ndogo mwaka 1981, na wengi waliinunua pamoja na DOS ya Microsoft. Kampuni zilizoiga muundo wa IBM zikafuata njia ileile, na ilipotoka Windows 95 bei ya mfumo ilikuwa imeshamezwa na bei ya kompyuta. Watu wakauona kama sehemu ya chombo chenyewe, mfano wa gari na usukani wake.

Mambo hayakuanza hivyo. Vyuoni programu zilipeanwa kama majirani wanavyoombana chumvi, na aliyeona kosa katika programu ya mwenzake alilisahihisha na kumrudishia. Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwashutumu kwa kunakili programu ya BASIC ya kampuni yake, Microsoft, bila kulipa. Barua ile ilitangaza zama mpya: programu ni bidhaa, na anayenakili ni mwizi. Ndani ya miaka michache chanzo cha programu, yaani yale maandishi ambayo mwandishi wake ameyaandika na ambayo mwenzake anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, kilianza kufungiwa kabatini.

Aliyeumizwa zaidi na kufungwa huko alikuwa Richard Stallman, mwandishi wa programu katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT. Maabara ilikuwa na printa iliyokwamisha karatasi mara kwa mara. Kwa kuwa ilikuwa ghorofa nyingine, mtu aliweza kungoja kazi yake nusu saa, kisha akashuka na kukuta hakuna kilichochapwa. Stallman alikwishairekebisha programu ya printa hiyo ili iwaarifu watumiaji karatasi inapokwama, na aliye karibu aende kuikwamua. Baadaye Xerox iliipa maabara printa mpya ya leza. Nayo ilikwamisha karatasi, lakini safari hii chanzo cha programu yake hakikutolewa. Stallman alimfuata mtafiti mmoja wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nacho, akamwomba nakala. Mtafiti alikataa: alikuwa ameahidi kutompa mtu mwingine yeyote.

Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima unaofanana na Unix, mfumo uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, na kwamba kila mtu atakuwa na ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Aliuita GNU. Mwaka uliofuata aliacha kazi yake MIT ili chuo kisije kudai umiliki, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kusimamia kazi hiyo. Kitu kikubwa kuliko vyote alichoacha huenda si programu bali leseni. Leseni ya GPL, iliyotoka mwaka 1989, inatumia sheria ileile ya hakimiliki kwa kuigeuza: anayepokea programu anaruhusiwa kuibadilisha na hata kuiuza, ila akiigawa lazima atoe na chanzo chake, kwa masharti yaleyale aliyopewa yeye. Kilichotolewa kwa wote hakiwezi kurudishwa kabatini.

Kiingereza kina neno moja kwa kitu kilicho huru na kitu cha bure, na neno hilo limewasumbua watu hawa kwa miaka mingi. Stallman alilazimika kueleza kila alikokwenda kwamba anazungumzia uhuru, wala hazungumzii bei. Februari 1998 watu kadhaa waliokutana Palo Alto, California, walichoka na maelezo hayo wakachagua jina jingine, lenye kusisitiza kwamba chanzo kiko wazi. Stallman aliliona jina hilo kuwa linaficha jambo lenyewe, na mgawanyiko huo upo hadi leo. Mswahili hapati taabu hiyo. Bure ni bure na huru ni huru, na neno huria, ambalo watu walikwishalizoea katika soko huria na Chuo Kikuu Huria, likapata kazi mpya katika programu huria.

Kufikia mwaka 1990 GNU ilikuwa na karibu kila kitu isipokuwa kiini, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vifaa. Kiini kilitoka mahali pengine. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alinunua kompyuta ya 386 Januari 1991, akailipia kwa awamu. Alikuwa akijifunza kwa kutumia Minix, mfumo mdogo ulioandikwa na profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia, lakini hakuridhika nao. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaarifu watumiaji wenzake wa Minix kwamba anaandika mfumo wake, akawahakikishia kuwa ni wa kujifurahisha tu na hautakuwa mkubwa kama GNU. Mwezi uliofuata toleo la 0.01, lenye mistari ipatayo 10,000, liliwekwa kwenye kompyuta ya mtandao wa vyuo vya Finland. Torvalds alitaka uitwe Freax. Ari Lemmke, aliyesimamia kompyuta hiyo, hakulipenda jina hilo, akaliita folda Linux.

Mapema mwaka 1992 Torvalds aliuweka mfumo wake chini ya leseni ya GPL. Hapo kiini chake na zana za Stallman vikaungana, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani akawa na njia ya kupata mfumo kamili bila kumlipa mtu wala kumwibia.

Njia ilikuwepo, ila ilikuwa na miiba. Linux ya mwanzo ilikuwa vipande vilivyotawanyika, na kila mtu alijishonea mwenyewe. Ndipo vikatokea vikapu vilivyopangwa tayari, ambavyo watumiaji huviita distro. Distro mbili za mwaka 1993 zingali hai: Slackware, iliyotolewa Julai na Patrick Volkerding, na Debian, iliyotangazwa Agosti na Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Slackware ya kwanza ilitolewa katika disketi 24. Mtu alizinakili moja moja kutoka kwenye mtandao wa chuo, akaziandika namba, akaenda nazo nyumbani na kuziingiza kwa zamu. Disketi zilikuwa dhaifu. Moja ikiharibika katikati ya zoezi, ilibidi arudi chuoni kuinakili upya, na kompyuta yake ikabaki nusu imejengwa.

Kabla ya disketi kulikuwa na hatua iliyoogopwa zaidi: kugawa diski. Windows ilikuwa imeikalia diski yote, na ili Linux ipate chumba ilibidi mpaka usogezwe. Hesabu ya mpaka ikikosewa kidogo, picha, barua na kazi zote za shule ziliondoka, na hakukuwa na wa kulaumiwa isipokuwa aliyeketi mbele ya kibodi. Hofu hiyo, kuliko ugumu wa amri au uhaba wa programu, ndiyo iliyowazuia watu wengi waliotamani kujaribu. Maendeleo mengi yaliyofuata yanaeleweka vizuri yakitazamwa kama majibu kwa hofu hiyo moja.

Aliyefaulu kugawa diski alikutana na LILO, programu fupi iliyomwuliza mwenye kompyuta anataka kuamsha mfumo upi. LILO ilikuwa na tabia ya kuandika jina lake herufi moja baada ya nyingine kadiri inavyosonga mbele. Ikikwama, skrini ilibaki nyeusi na herufi zilizokwisha kuandikwa: L peke yake ilikuwa na maana yake, LI ilimaanisha sehemu ya pili imepatikana lakini haikuweza kuendeshwa, LIL ilimaanisha jambo jingine tena. Watumiaji wa miaka hiyo walizisoma herufi hizo kama mganga anavyosoma ulimi wa mgonjwa. Kisha ilikuja zamu ya skrini ya picha. Ilibidi kutafuta kitabu cha monita, kusoma masafa yake na kuyaandika kwa mkono katika faili moja. Maelekezo yalionya waziwazi kwamba namba zisizo sahihi zinaweza kuiunguza monita.

Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu peke yake, na hapa ndipo Linux ilipopata watu wake. Katika miji ya Marekani, Ulaya na kwingineko viliundwa vikundi vya watumiaji, na vikundi hivyo vikaanzisha siku za kusakinishiana. Mtu alibeba kompyuta yake nzima, na monita nzito ya kioo, akaipeleka ukumbini. Wenye uzoefu walipita meza kwa meza, mmoja akigawa diski, mwingine akipambana na kadi ya sauti, na jioni mwenye kompyuta alirudi nayo nyumbani ikiwa na mifumo miwili. Aliyesaidiwa mwaka huu alirudi mwaka unaofuata kusaidia. Yeyote aliyewahi kushiriki msaragambo atautambua mpango huo mara moja.

Vikundi hivyo vilikuwa na sauti pia. Mkataba wa Windows ulieleza kwamba asiyekubaliana nao anaweza kuirudisha kwa mtengenezaji wa kompyuta na kudai fedha zake, ila waliojaribu kufanya hivyo walizungushwa. Tarehe 15 Februari 1999 watumiaji wa Linux waliandamana hadi ofisi za Microsoft huko Foster City, California, wakiwa na nakala zao za Windows ambazo hawakuzitumia, wakidai warudishiwe. Waliambiwa waende kwa watengenezaji. Fedha hazikurudi siku ile, lakini jambo moja liliwekwa wazi mbele ya vyombo vya habari: mfumo ule uliodhaniwa kuwa haulipiwi ulikuwa unalipiwa, hata na asiyeutaka.

Wakati huo Linux yenyewe ilikuwa imeanza kujipamba. Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen nchini Ujerumani, alieleza kwamba mtumiaji wa kawaida anastahili madirisha na menyu zinazofanana kutoka programu moja hadi nyingine, na kutokana na wito wake ikazaliwa KDE. Mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena, vijana wa Meksiko, walianzisha GNOME, kwa sababu sehemu moja ya KDE haikuwa huria kwa kipimo chao. Programu za kusakinishia nazo zikabadilika. OpenLinux ya kampuni ya Caldera, mwaka 1999, ilimwongoza mtu kwa picha na kipanya, na mafaili yakiendelea kunakiliwa ilimwekea mchezo wa Tetris acheze. Kwa mtu aliyewahi kulinda zamu ya disketi 24 usiku kucha, mchezo ule ulikuwa habari kubwa.

Matatizo ya nyumbani yalikuwa tofauti na ya ofisini, na hili wahandisi wengi walichelewa kulielewa. Ofisi ilihitaji seva isiyozimika. Nyumba ilihitaji intaneti, muziki na printa. Modemu nyingi za bei nafuu za mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa nusu tu ya modemu, kwani kazi nyingine ziliachiwa programu ya Windows, na bila Windows zilikaa kimya. Mtu aliweza kusakinisha Linux vizuri kabisa kisha akashindwa kuingia mtandaoni kutafuta jinsi ya kuingia mtandaoni. Muundo wa nyimbo za MP3 ulikuwa na hataza, kwa hiyo distro kadhaa ziliuondoa uwezo wa kuzicheza. Red Hat ilifanya hivyo mwaka 2002, na suala hilo liliisha kabisa pale mpango wa leseni za MP3 ulipofungwa mwaka 2017. Kadi za Wi-Fi zikaja na taabu zake. Broadcom, ambayo kadi zake zilijaa kwenye kompyuta mpakato, ilitoa kiendeshi huria mwaka 2010, baada ya watumiaji kuhangaika kwa miaka kuazima viendeshi vya Windows.

Jibu zuri kuliko yote kwa hofu ya diski lilitoka Ujerumani. Mwaka 2000 Klaus Knopper alitoa Knoppix, CD moja ambayo kompyuta ikiamshwa nayo, Linux nzima ilifanya kazi papo hapo, ikitambua skrini, sauti na mtandao yenyewe, bila kuigusa diski kuu. Programu zenye ukubwa wa karibu gigabaiti 2 zilibanwa zikaenea katika megabaiti 700, na zilifunguliwa kidogo kidogo kadiri zilivyohitajika. Ilikuwa polepole. Lakini mtu aliweza kujaribu mchana kutwa, akaitoa CD, akawasha upya, na Windows yake ikarudi kama alivyoiacha. Mafundi waliipenda kwa sababu nyingine tena: kompyuta ya mteja ikikataa kuwaka, Knoppix iliingia, ikayafikia mafaili yaliyokwama na kuyahamishia mahali salama. Mfumo ulioogopwa kwa kufuta mafaili ukawa ndio wa kuyaokoa.

Wazo hilo lilichukuliwa na Mark Shuttleworth likasambazwa duniani. Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliianzisha kampuni ya Thawte mwaka 1995, akaiuza mwishoni mwa 1999 kwa hisa za dola milioni 575, na mwaka 2002 akawa raia wa kwanza wa nchi huru ya Kiafrika kwenda angani. Aliporudi alikusanya waandishi wa Debian, na tarehe 20 Oktoba 2004 wakatoa toleo la kwanza la Ubuntu. Jina hilo ni la lugha za Wanguni wa kusini mwa Afrika. Mzungumzaji wa Kiswahili halihitaji tafsiri ndefu, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa neno utu: shina -ntu la kule na shina -tu la huku ni moja, na maana ni ileile, hali ya mtu kuwa mtu kwa kuishi vyema na wenzake. Mamilioni ya watu katika mabara mengine walijifunza neno hilo la Kibantu kutokana na skrini ya kompyuta.

Ubuntu ilikuwa na ratiba: toleo jipya kila miezi sita, na kuanzia mwaka 2006 matoleo maalumu yenye kutunzwa kwa miaka mingi. Katika toleo la Juni 2006 CD ya kujaribia na CD ya kusakinishia zilikuwa kitu kimoja. Mtu aliketi kwenye mfumo, akautazama, na alipoupenda alibofya alama moja tu kuusakinisha. Jambo lililogusa mioyo zaidi, hasa katika nchi zenye mtandao wa taabu, lilikuwa ShipIt. Aliyejaza jina na anwani yake alitumiwa CD kwa posta, bila malipo ya CD wala ya usafirishaji, popote duniani. Kushusha megabaiti 700 kwa modemu ya simu kungechukua siku na kumaliza mshahara, ilhali bahasha ilifika kwenye sanduku la posta. Aliyeomba CD kadhaa aliwagawia wenzake chuoni. Huduma hiyo ilifungwa Aprili 2011, wakati ambapo mtandao ulikuwa umeenea na CD zenyewe zilianza kutoweka.

Mwaka uleule wa Ubuntu ya kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kazi yake. Idara ya sayansi ya kompyuta, ikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, iliendesha mradi wa Kilinux wa kuziweka programu huria katika Kiswahili, na mwishoni mwa 2004 ikatoa Jambo OpenOffice: programu za kuandikia, za mahesabu na za maonyesho, menyu zake zote kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya leseni. Kwa programu iliyofungwa, wasemaji wa lugha hungoja mwenye kampuni aone soko ndipo awafasirie. Kwa programu huria waliingia wenyewe ndani ya chanzo. Microsoft nayo ilitoa Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office baadaye. Wafasiri walilazimika kuamua mambo ambayo kamusi hazikuwa zimeyafikia, na ndiyo maana msamiati wa kompyuta wa Kiswahili, pamoja na mvutano wake wa kompyuta na tarakilishi, una alama za kazi ya miaka ile.

Jambo OpenOffice haikuhitaji Linux, kwani ilikubali hata ndani ya Windows, na hapo palikuwa na busara. OpenOffice ya toleo la 1.0 ilitoka mwaka 2002 na Firefox ya toleo la 1.0 Novemba 2004, nazo zote zilitumika kwenye mifumo yote miwili. Aliyezizoea kwenye Windows yake hakupata ugeni mkubwa siku alipohamia Linux: kivinjari kilekile, karatasi ileile ya kuandikia. Watu wengi walibadilisha programu kwanza, na mfumo ukafuata baadaye.

Hata hivyo, katika miji ya Afrika Mashariki neno bure halikuwa na mvuto ambao wageni waliutarajia. Fundi aliyeitwa kupiga Windows alikuja na CD iliyonakiliwa, akalipwa ufundi wake, na leseni haikutajwa. Ushindani wa Linux haukuwa na Windows ya dukani yenye bei kubwa, ulikuwa na Windows isiyolipiwa na iliyojulikana na kila fundi wa mtaa. Kilichowavuta watu kilikuwa kingine. Kompyuta nyingi zilikuwa za mitumba kutoka Ulaya na Marekani, zenye kumbukumbu ndogo, na distro nyepesi zilizirudishia pumzi. Tena kulikuwa na virusi vya flashi. Flashi iliyopita kwenye kompyuta tatu za kafe ya intaneti ilirudi na folda zimegeuka njia za mkato, na mafaili halisi yamefichwa. Kwenye Linux virusi hivyo vilionekana kama mafaili ya kawaida yasiyo na nguvu. Mtu aliyafuta, akazifunua folda zake, akaendelea na kazi.

Mwaka 2007 ilionekana kana kwamba Linux itaingia nyumbani bila hata kusakinishwa. Oktoba mwaka huo Asus ilianza kuuza Eee PC, kompyuta mpakato ndogo yenye skrini ya inchi 7 na hifadhi ya gigabaiti 4 katika modeli yake iliyovuma zaidi, ikiwa na Linux tangu kiwandani. Ilinunuliwa sana. Microsoft ikajibu kwa kuiongezea Windows XP maisha kwa ajili ya kompyuta ndogo za namna hiyo, na ndani ya muda mfupi nyingi zikawa zinauzwa na XP. Upande wa kujisakinishia, Ubuntu ya Aprili 2008 ilileta Wubi, iliyowezesha Linux kukaa ndani ya Windows kama faili moja kubwa. Asiyeipenda aliiondoa kama anavyoondoa programu yoyote. Mpaka wa diski haukuguswa.

Kisha ukaja mwaka 2011 na mtafaruku. GNOME ilibadilisha sura yake yote, Ubuntu ikaja na sura yake iliyoitwa Unity, na watu waliokwisha kuzoea menyu ya juu kushoto wakajikuta wageni nyumbani kwao. Wengi walihamia Linux Mint, distro iliyoanzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, ambayo ilishikilia mpangilio wa zamani. Mwaka 2012 kompyuta za Windows 8 zilianza kuja na kufuli la kuamshia, lenye kukataa mfumo usio na sahihi inayotambuliwa. Kwa muda ilihofiwa kwamba mlango umefungwa. Matthew Garrett na wenzake wakaandika programu ndogo yenye sahihi inayokubalika, ambayo nayo huifungulia Linux, na distro kubwa zikaitumia.

Mei 2013 Shuttleworth alifunga rasmi dosari namba 1 katika orodha ya dosari za Ubuntu, aliyoiandika mwenyewe Agosti 2004: kwamba Microsoft inashika sehemu kubwa ya soko la kompyuta. Sababu yake ilikuwa kwamba watu wamehamia kwenye simu, na simu nyingi zilitumia Android, yenye kiini cha Linux. Hilo ni kweli, ingawa haliwezi kuhesabiwa kuwa ushindi wa mtumiaji wa nyumbani. Kiini cha Android ni huria, lakini mwenye simu kwa kawaida hana njia rahisi ya kuubadilisha mfumo wa simu yake kama fundi anavyoubadilisha wa kompyuta.

Kwenye kompyuta, kikwazo kikubwa kilichobaki kilikuwa michezo. Agosti 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, inayoziwezesha gemu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows kuchezwa kwenye Linux, na Februari 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, chombo cha kushika mkononi kinachoendeshwa na Linux. Kufikia Februari 2024, kwa hesabu za StatCounter, Linux ilikuwa imevuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na mpakato duniani. Idadi hiyo si kubwa, lakini ni ya watu ambao wengi wao waliamua wenyewe.

Mawimbi makubwa zaidi ya kuhama yamefuata kalenda ya Microsoft. Windows XP iliacha kutunzwa tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifikia kikomo cha matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na safari hii kulikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama na prosesa ambazo kompyuta nyingi nzima hazina. Kompyuta isiyo na kasoro yoyote ikaambiwa imezeeka.

Mwenye kompyuta kama hiyo leo hushusha faili la distro, huliandika kwenye flashi kwa programu ndogo ya bure, huwasha kompyuta huku akibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, na baada ya dakika chache yumo ndani ya Linux, akijaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla ya kuamua lolote. Akiridhika hubofya alama ya kusakinisha. Maswali ni machache: lugha, saa za mahali, jina na nywila. Katikati yake limo swali lilelile la mwaka 1993, sasa likiwa na mchoro wa diski na mpaka unaosogezwa kwa kipanya: mfumo mpya ukae pamoja na wa zamani, au diski yote ifutwe? Chini yake kuna onyo la kunakili mafaili kwanza, na kitufe cha kurudi nyuma.